Fimbo Saba na Pengo la Mita 30: Tathmini ya Seti ya Okazyo Baada ya Miezi Kumi na Mmoja

Seti niliyoinunua mwezi wa Septemba mwaka jana ina fimbo saba za chuma za gofu: namba 5, 6, 7, 8 na 9, pamoja na weji mbili, yaani fimbo za mikwaju mifupi ya juu, moja ikiwa imechongwa herufi P na nyingine herufi S. Ilivuka mpaka wa Kasumbalesa ndani ya furushi moja na viatu na miavuli, ikafika katika duka la vitu vya okazyo, yaani vilivyokwisha kutumika, hapa Lubumbashi, nami nikailipia dola 180 baada ya kubishana bei kwa muda wa saa nzima. Tangu siku hiyo nimeichezea katika joto la Oktoba, katika matope ya Januari na katika asubuhi za baridi za Juni, ambapo vidole hukataa kukunja mshikio. Duka silitaji, na chapa ya fimbo siitaji pia, kwa kuwa jambo nitakalolilalamikia halihusu chapa moja: linapatikana katika seti nyingi za aina hii zilizotengenezwa miaka ya karibuni, na mnunuzi atalikuta popote atakapokwenda.

Ninaipima seti hii kwa kazi moja tu, yaani mkwaju wa kuingia grini, ile nyasi fupi inayozunguka shimo. Kuupeleka mpira mbali kutoka mwanzoni ni kazi ya draiva, na kuusukuma hadi ndani ya shimo lenye kipenyo cha milimita 108 kuna fimbo yake. Fimbo za chuma huonyesha thamani yake pale mchezaji anaposimama mita 40 hadi 150 kutoka kwenye bendera, akiwa na maswali mawili kichwani: nichukue fimbo ipi, na nizungushe kwa nguvu kiasi gani? Seti ikimsaidia kujibu maswali hayo bila kubahatisha, ni seti nzuri, hata kama rangi imebanduka. Isipomsaidia, kung'aa kwake hakuna maana.

Kwanza nitoe sifa inayostahili. Fimbo hizi ni za aina ambayo wachezaji huziita za kusamehe: kichwa chake ni kipana, mgongo umechimbwa kama sahani, na uzito umesukumwa pembeni na chini. Wazo la kuusambaza uzito pembeni lilipata nguvu kupitia Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norwei aliyehamia Marekani na kuanzisha kampuni ya PING, ambaye alitambua kwamba kichwa chenye uzito pembeni hakipindi sana pale mpira unapoguswa mbali na katikati. Mimi nilianza gofu nikiwa na umri wa miaka 38, na mkono wangu hauaminiki kila siku. Kwa fimbo nilizokuwa nazo kabla ya hizi, mpira ulioguswa na ncha ya kichwa ulipoteza mita 20 na kukimbilia kulia. Kwa hizi hupoteza mita 7 au 8, na mara nyingi hubaki pembeni mwa grini, mahali ambapo bado ninaweza kujinusuru. Kwa sifa hiyo peke yake sijutii fedha yangu.

Tatizo lilianzia kwenye namba. Fimbo zangu za awali nilikuwa nimeazimwa na baba mdogo, mstaafu wa kampuni ya madini ya Gécamines ambaye alizinunua wakati mshahara wa kampuni ulikuwa ungali unamtosha mtu kununua vitu vya anasa. Namba 7 yake ilinipelekea mpira mita 123 hewani. Namba 7 mpya iliupeleka mita 135, na wiki ya kwanza nilitembea uwanjani kifua mbele, nikiamini kwamba nimepata nguvu mpya uzeeni. Baba mdogo alinitazama, akacheka, akasema: «Mwanangu, hebu zipime hizo fimbo kabla ya kujisifu.» Nikazipeleka kwa fundi wa vyuma katika Kampemba, ambaye ana kipimapembe cha kazi yake ya milango na madirisha, na tukazipima moja baada ya nyingine tukilinganisha uso wa fimbo na mpini wake.

Majibu yalinishusha kifua. Namba 7 ya baba mdogo ina mwinamo wa nyuzi 35. Namba 7 yangu ina nyuzi 30. Namba 8 yangu ina nyuzi 34, maana yake ni kwamba ni ile ile namba 7 ya mzee iliyobatizwa jina jingine. Namba 9 ina nyuzi 39. Weji ya P, ambayo katika seti ya zamani ina nyuzi 49, katika seti hii ina nyuzi 44 tu. Kadiri uso wa fimbo unavyosimama wima, ndivyo mpira unavyoruka chini na mbali; kwa hiyo mita zangu 12 za ziada hazikutoka kwenye misuli, zilitoka kiwandani. Sitasema kwamba watengenezaji wanadanganya, kwa sababu wana hoja: uzito ukishushwa chini ya kichwa, mpira hupanda juu kwa urahisi, na wasipousimamisha uso kidogo utapanda kupita kiasi. Hata hivyo, ninashuku kwamba furaha ya mnunuzi anayejaribu namba 7 dukani na kuona mpira ukienda mbali kuliko alivyozoea nayo imehesabiwa katika uamuzi huo.

Namba iliyochongwa ingekuwa jambo dogo iwapo pengo kati ya fimbo na fimbo lingekuwa sawa toka juu hadi chini. Mtu anaweza kuzoea jina lolote. Lakini fundi alipofika kwenye weji ya S alisoma nyuzi 56, akanitazama, akasoma tena. Kutoka nyuzi 44 hadi 56 ni nyuzi 12 zisizo na fimbo katikati, wakati fimbo nyingine zote zinapishana kwa nyuzi 3 hadi 5. Kwa mchezaji mwenye kasi kama yangu, nyuzi 4 hutenganisha takriban mita 10. Nilipokwenda kuhakikisha uwanjani, nikipiga mipira kumi kwa kila fimbo na kuiondoa hesabuni miwili iliyokwenda mbali zaidi na miwili iliyokuwa mifupi zaidi, nilipata mita 125 kwa namba 8, mita 114 kwa namba 9, mita 102 kwa P, na mita 72 kwa S. Kati ya 102 na 72 palikuwa na pengo la mita 30 ambalo seti yangu mpya haikuwa na jibu lake.

Msomaji asiyecheza gofu anaweza kuuliza kama mita 30 ni jambo la kulalamikia. Ni jambo kubwa, kwa sababu mchezaji wa kiwango changu hujikuta mara kwa mara katika umbali huo huo. Katika mashimo ya par 4, yaani yanayotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju minne, baada ya draiva nzuri na fimbo ya pili iliyokwenda nusu nusu, mimi husalia na mita 80 au 90 karibu kila duru. Kwa miezi miwili ya mwanzo nilijaribu njia mbili, na zote zilikuwa mbaya.

Njia ya kwanza ilikuwa kuchukua S na kuipiga kwa nguvu zote. Fimbo yenye mwinamo wa nyuzi 56 haizigeuzi nguvu za ziada kuwa umbali kwa kiasi ambacho mtu angetarajia: sehemu kubwa huishia katika kimo na katika mzunguko wa mpira wa kurudi nyuma, nao mpira hupanda kama kishada, husimama angani, huanguka mita 10 kabla ya grini. Aidha, mwili unaojikaza huyumba, na fimbo hufika kwenye udongo kabla ya kufika kwenye mpira. Njia ya pili ilikuwa kuchukua P na kuipiga kwa woga, yaani kuinua fimbo hadi mwisho kama kawaida kisha kupunguza kasi katikati ya safari ya kushuka. Hiyo ni mbaya kuliko ya kwanza. Mikono ikisita karibu na mpira, kichwa cha fimbo hupita mbele ya mikono, uso hufunguka au kufungika upendavyo, na mpira huenda mita 30 au 110 bila mtu kujua sababu.

Aliyenitoa katika shimo hilo ni kedi wangu, kijana ambaye amebeba mifuko ya watu tangu akiwa shuleni na ambaye hasemi maneno mengi. Tulikuwa kwenye shimo ambalo mbele ya grini kuna bwawa, bendera ikiwa mita 118 kutoka tulipokuwa. Nilivuta namba 9, kwa hesabu kwamba mita 114 pamoja na hasira kidogo ni mita 118. Akashika mfuko, akasema: «Papa, kamata nane, piga polepole.» Sikumsikiliza. Nilipiga 9 kwa nguvu zote, mpira ukaruka vizuri, ukageuka kushoto, ukatua majini. Akanipa mpira mwingine pamoja na namba 8, akaniomba nishike mpini chini kidogo ya kawaida na nisimamishe mikono inapofika usawa wa bega. Mpira ulipanda kidogo tu, ukavuka bwawa kwa nafasi ya kutosha, ukatua katikati ya grini. Nimemlipa mara nyingi tangu wakati huo, lakini ninadhani deni la mkwaju ule halijaisha.

Alichokuwa akinifundisha, na ambacho seti hii inakivumilia vizuri sana, ni kwamba kupiga polepole hakuna maana ya kupunguza kasi karibu na mpira. Kunamaanisha kufupisha safari ya mikono kwenda nyuma, kisha kuuachia mwili ushuke kwa mwendo wake wa kawaida na kumaliza mbele bila kusita. Sasa ninatumia mizungusho mitatu peke yake: mzima, ambao hata wenyewe si wa nguvu zote, labda asilimia 85 ya nilizo nazo, wa robo tatu, mikono ikiishia usawa wa bega, na wa nusu, mikono ikiishia kiunoni. Weji ya P kwa mzungusho wa robo tatu hunipa mita 88, na S kwa mzungusho huo huo hunipa mita 60, na kwa nusu mita 40. Nikishika mpini chini kwa upana wa vidole viwili, kila umbali hupungua mita 4 au 5. Pengo lilipungua bila kununua kitu chochote, ingawa halikuzibika lote.

Kwa nini mtu apige namba 8 polepole badala ya 9 kwa nguvu, ikiwa zote mbili zinaweza kufika? Sababu ya kwanza ni kwamba mpira unaoguswa katikati ya uso huenda umbali unaojulikana, na mwili uliotulia hugusa katikati mara nyingi zaidi. Sababu ya pili, ambayo wengi wetu hatupendi kuikubali, ni kwamba sisi wachezaji wa kawaida huishia mbele ya grini mara nyingi kuliko nyuma yake, na wajenzi wa viwanja, kana kwamba wanatujua, huweka mabwawa na mashimo ya mchanga mbele. Tunachagua fimbo kwa kukumbuka mkwaju bora kuliko yote tuliyowahi kuipiga, kisha tunapiga mkwaju wa wastani. Inafaa pia kukumbuka kwamba wachezaji wa kulipwa wa Marekani, wakiwa kwenye nyasi fupi kati ya mita 90 na 115 hivi, kwa wastani huuacha mpira kama mita 6 kutoka kwenye shimo. Ikiwa wao, wenye fimbo zilizopimwa kwa ajili yao, huacha mita 6, sioni sababu ya mtu wa Lubumbashi anayecheza Jumamosi kuilenga bendera iliyowekwa ukingoni. Ninalenga katikati ya grini na kuihesabu fimbo kwa katikati hiyo, na kwa kuwa grini yenye kina cha mita 25 hubeba tofauti ya zaidi ya fimbo mbili, katikati hunisamehe pande zote.

Upepo huongeza uzito wa hoja hiyo. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini mashariki huvuma hapa kwa siku kadhaa mfululizo, si mkali, lakini haukomi. Kanuni ambayo wachezaji wengi huitumia ni kwamba upepo wa uso wenye mwendo wa kilomita 16 kwa saa hupunguza umbali kwa takriban asilimia 10, wakati upepo huo huo ukitoka mgongoni huongeza asilimia 5 tu. Mtu akijibu upepo wa uso kwa nguvu zaidi, anaongeza ule mzunguko wa kurudi nyuma, na mpira unapanda mahali ambapo upepo unausubiri. Seti hii, kwa kuwa uzito wake uko chini sana, huupandisha mpira juu kwa tabia yake, na hapa ndipo ninapoona udhaifu wake halisi: ni vigumu kuupiga mpira wa chini kwa fimbo hizi. Fimbo za baba mdogo, zenye kichwa chembamba, zilimtii mchezaji zaidi katika jambo hilo. Dawa niliyoipata ni kuchukua fimbo kubwa zaidi kwa namba mbili, mathalani 7 badala ya 9, nikaweka mpira nyuma kidogo ya katikati ya miguu na kuzungusha robo tatu. Siku ya upepo, mita 115 kwangu ni kazi ya namba 7.

Kuna jambo la mahali petu ambalo mnunuzi anapaswa kulijua kabla ya kuamini umbali wowote uliochapishwa. Lubumbashi iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani. Kwa hesabu inayotumiwa sana na wachezaji, kimo hicho huongeza umbali wa mpira kwa asilimia 4 au 5, yaani mkwaju wa mita 130 wa mtu wa pwani hufika mita 136 kwetu. Rafiki yangu wa Mombasa alipokuja kunitembelea, mipira yake minne ya mwanzo ilipita grini, na alilaumu kila kitu isipokuwa kimo. Wenzetu wa Goma na Bukavu, ambao wako juu zaidi, karibu mita 1,500, wangemshangaza kuliko sisi. Ila hewa nyepesi haifuti baridi: saa moja asubuhi mwezi wa Juni mpira ni mgumu, mwili umejikunja ndani ya sweta, na mimi hupoteza karibu mita 10, yaani pengo la fimbo nzima, hadi jua lipande.

Misimu nayo hubadilisha swali lenyewe. Katika mvua mpira hutua na kubaki pale pale, wakati mwingine umezama nusu yake katika udongo, kwa hiyo ninahesabu umbali wa hewani tu na kuchagua fimbo inayofika hadi kwenye grini yenyewe. Nyasi ndefu zenye maji huleta hila nyingine: majani yakiingia kati ya uso wa fimbo na mpira, mzunguko wa kurudi nyuma hupungua, na mpira unaweza kuruka mbali kuliko ilivyokusudiwa na kukataa kusimama. Katika kiangazi, Julai na Agosti, ardhi huwa kama sakafu. Mpira unaotua mbele ya grini huendelea kujiviringisha mita 10 au 15, na mara nyingi ninachukua P mahali ambapo wakati wa mvua ningechukua namba 9, nikiulenga mlango wa grini na kuuacha uingie kwa miguu yake. Majirani zetu wa Ndola, ambako uwanja wao unajulikana kwa vichuguu vikubwa vilivyoachwa visimame katikati ya mchezo, wana ardhi ya namna hiyo hiyo, na fimbo hizi zilijiheshimu huko pia nilipovuka kwenda kucheza.

Weji ya S inastahili maneno yake yenyewe, kwa sababu ndiyo fimbo niliyoichukia kwanza na kuielewa baadaye. Kitako chake ni kinene, na ukingo wa nyuma uko chini kuliko ukingo wa mbele. Umbo hilo lina historia: majira ya baridi kabla ya mwaka 1932, Mmarekani Gene Sarazen aliongeza lehemu chini ya fimbo yake ili isizame mchangani, na mwaka huo huo akashinda mashindano ya The Open huko Uingereza akiwa nayo. Kitako kinene huteleza juu ya mchanga na juu ya udongo laini, na katika miezi ya mvua S yangu ilinitoa mahali ambapo fimbo nyembamba ingechimba kaburi. Lakini kwenye udongo mwekundu uliokauka, wenye nyasi chache, kitako hicho hudunda, ukingo wa mbele huinuka na kuugonga mpira tumboni, nao hukimbia kama sungura kuvuka grini nzima. Mwezi wa Julai ninaiacha S mfukoni isipokuwa mchangani, na mkwaju wa mita 60 kwenye ardhi ngumu ninaufanya kwa P ya nusu iliyoshikwa chini, ingawa mpira hutua ukiwa na mwendo.

Niliongeza vitu viwili kwenye seti. Cha kwanza ni kipimaumbali cha leza, pia cha okazyo, ambacho kwa mwezi mzima kilinifanya nijione mjinga. Kilisoma 128, nikachukua namba 8, mpira ukapita nyuma ya grini. Kikasoma 110, nikachukua namba 9, mpira ukapita tena. Nilikuwa nimeanza kukilaumu kioo chake hadi kedi alipoona herufi ndogo pembeni: kilikuwa kikipima kwa yadi. Yadi moja ni mita 0.9144, kwa hiyo 128 ilikuwa mita 117. Kosa lilikuwa langu mtupu, lakini ninalitaja kwa kuwa vifaa na karatasi nyingi zinazotufikia huandikwa kwa yadi, na mtu akichanganya vipimo hivyo viwili hata fimbo bora duniani hazitamwokoa. Kilipowekwa sawasawa kimekuwa msaada, hasa kwa kupima ukingo wa mbali wa bwawa badala ya bendera. Kina pia uwezo wa kuhesabu mteremko, ambao kanuni za gofu hazikubali utumike katika mashindano, kwa hiyo nimeuzima.

Cha pili ni weji ya nyuzi 50, iliyonigharimu dola 45 baada ya kuisubiri kwa miezi mitatu. Hunipa mita 87 kwa mzungusho mzima na mita 75 kwa robo tatu. Ghafla mita zile 80 na 90 zilizokuwa zikinitoa jasho zimekuwa umbali ninaoutamani, na sasa nikiwa mbali na grini huusukuma mpira kwa makusudi hadi mita 87 badala ya kuupeleka karibu iwezekanavyo. Kanuni huruhusu fimbo 14 mfukoni, na mimi ninazo 12, kwa hiyo nafasi haikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba muuzaji aliponiuzia seti alisema imekamilika, na seti yenye tundu la nyuzi 12 haijakamilika.

Kuhusu mengine nitapita haraka. Mipini ya chuma ina ugumu wa kawaida na inanifaa. Mishikio ya raba ilikuwa imekaushwa na joto la ghala hadi ikawa kama gome, na mkono unaoteleza hukaza, na unaokaza hauwezi kuzungusha polepole. Nilibadilisha sita kwa utepe wa gundi pande mbili na petroli kidogo ya kulainisha, kazi ya mchana mmoja barazani. Kutu ilikuwa kidogo tu kwenye weji ya S.

Jumla ya fedha niliyoitoa, pamoja na weji ya ziada na mishikio, ni dola 255 bila kipimaumbali, na kwa bei hiyo ningeinunua tena kwa mchezaji anayeanza au mwenye mkono unaokosea kama wangu. Mchezaji mzoefu anayependa kuuchezesha mpira chini ya upepo atafute fimbo zenye kichwa chembamba. Anayekwenda dukani aende na kipimapembe, au angalau azipange P na S kando kando na kutazama nyuso zake. Tofauti ya nyuzi 12 huonekana kwa macho. Namba 5 nimeipiga mara chache mwaka mzima, hasa kuupitisha mpira chini ya matawi ya miembe, kwa hiyo muuzaji akikubali kuivunja seti, mwachie hiyo namba 5 na umwombe weji ya nyuzi 50 mahali pake.